Mkanda wa Bati, Upande wa Barabarani

Jumatatu, 8 Machi 1976. Mzenga.
Mwanahalima bado yuko kwao Msimbu. Wiki ya tatu! Tangu upepo ung'oe mabati mawili juu ya kitanda chetu, amesema harudi kulala chini ya paa linaloruka. Mama yake, Bi Mwanajuma, anakuja kulikagua Ijumaa. Likimridhisha, mke wangu anabaki. Lisipomridhisha, nitadoea kwa Pazi mpaka kiyama. Pazi ni jirani, mwezekaji wa makuti. Amenishauri nifunge paa kila pembe kwa waya. Waya! Kwani naezeka banda la kuku?

Jumanne, 9 Machi.
Nimepata pipa tupu la lami. Nimelipasua kwa tindo, nikalinyoosha, nikakata mikanda ya kupigilia kwenye ukingo wa paa, upepo ukose pa kuingiza vidole. Inatosha kuzunguka nyumba nzima. Mikono yote lami. Hata ugali umenuka lami.

Jumatano, 10 Machi.
Nimebadili mpango. Mkwe atatokea barabarani. Nani atatazama nyuma? Mikanda yote nimeipiga mbele, mara mbili mbili, na meno ya urembo nikachonga. Pazi akauliza upepo wenyewe huwa unatoka wapi. Nikamwambia ashike makuti yake. Kijicho tu!

Ijumaa, 12 Machi.
Wamefika. Nikamwamkia mkwe nimeinama mpaka kiuno kikalia. Akalitazama paa, akasema mashallah. Mashallah! Mwanahalima akacheka, akaingia jikoni. Nusura nilie kwa furaha.

Alasiri mkwe akatandika mkeka chumbani. Yumo rakaa ya pili, upepo ukaja kutoka kwenye mihogo. Nyuma! Bati la kwanza likaruka, la pili, la tatu, mvua ikamshukia mkwe kichwani. Hakukatiza. Akarukuu, akasujudu, akamaliza zote nne, akatoa salamu kulia na kushoto, akakunja mkeka unaochuruzika. Kisha akamwambia binti yake akusanye kanga zake. Afadhali angenitukana!

Kisamvu cha Mwanahalima kimebaki jikoni. Nimeshindwa kukila.

Jumapili, 14 Machi.
Pazi ameniletea mabati yangu aliyoyaokota mihogoni, na juu yake waya. Katoka Msimbu jana. Amesema mkwe ananipa nafasi moja tu, Ijumaa ijayo, na Mwanahalima ameomba nisikilize watu. Nimemshukuru sana Pazi. Waya wake nimeanikia nguo.

Kosa nimeshaliona mwenyewe: upepo unatoka nyuma. Leo nimeyarudisha mabati, nimeng'oa mikanda yote ya mbele, nimeipigilia nyuma, mara mbili mbili, na meno yake. Imekaa barabara! Jioni hii upepo umegeuka, unavuma kutoka barabarani. Na uvume. Mbele hapajawahi kuruka hata bati moja.