Viwavi wa Ranjanben na Nyanya Tatu Kikapuni

Mchafukoge, Dar es Salaam
14 Agosti, 1954

Kwa Bwana Umakant, Mwenye Nyumba

Bwana Mheshimiwa,

Baada ya salamu, nakuarifu kwamba mimi mpangaji wako wa mbele ni mzima wa mwili, ila moyo wangu hauna uzima hata kidogo.

Ulisema kabla ya mwezi huu kwisha utampa mmoja wetu bustani yote ya uani, kwa kuwa umechoka na ugomvi wetu. Kwa hiyo nakuletea mashtaka yangu dhidi ya jirani yangu Ranjanben. Najua ni mjane, na najua anaishi kwa achari anayoitengeneza kwa nyanya za hapo. Huruma ni jambo jema, lakini haijapata kuua mdudu.

1. Harufu. Anatwanga majani ya mwarobaini na kitunguu saumu, anayaroweka kutwa nzima, kisha anainyunyizia miche yake ya nyanya maji hayo kwa ufagio. Mwarobaini, Bwana, tunakunywa sisi tukishikwa na homa. Je, vidukari wanaofyonza majani wana homa? Mtu akianza kuwapa wadudu dawa ya binadamu, kesho atawatandikia vitanda.

2. Majivu. Anayamwaga kwenye mashina, na majivu yenyewe yanatoka jikoni kwangu! Mke wangu Fakhriya humpelekea karai zima kila asubuhi. Mkaa wangu, moto wangu, wali wangu, halafu majivu yanakwenda kumsaidia adui.

3. Hili ndilo zito. Dini yake haimruhusu kuua. Basi asubuhi na mapema huinama mche kwa mche, akiokota viwavi mmoja mmoja, akawatia katika kopo la maziwa na kuwahamishia kwenye mnavu ulioota kando ya choo. Kuwahamishia! Nilipomuuliza sababu, alinijibu kwamba nao wana matumbo. Sasa fikiri, Bwana. Viwavi wakishajua kwamba nyumbani kwako hawauawi, bali wanahamishwa kwa adabu, watakuja wa sokoni Kariakoo, watakuja wa Kivukoni, na hata wale wanaoshuka bandarini ndani ya magunia watauliza njia ya kwa Bwana Umakant. Mwisho wa mwaka watadai vyumba.

4. Maua ya manjano anayotungia mashada ya ibada ameyapanda katikati ya nyanya, eti wadudu hawapendi harufu yake. Nyanya haihitaji shada. Haiolewi.

5. Mimi, kwa upande wangu, nauza dukani kwangu Kariakoo dawa ya unga ya kopo kutoka Ulaya, na naitumia mwenyewe, vijiko vinne penye kimoja, maana mchelea mwana kulia hulia yeye. Ni kweli miche yangu imebaki vijiti na nyuki hapiti tena. Wajinga wanacheka. Hawajui kwamba majani yakiondoka, nguvu yote huingia kwenye tunda. Natoka alfajiri, narudi magharibi, na kila siku nakuta Fakhriya ameshachuma na kachumbari iko tayari: nyanya nyekundu, nzito, tamu. Nimeshawatangazia watu wote barazani. Tatu kati ya hizo zimo katika kikapu hiki. Onja, kisha uamue.

Naomba basi bustani yote nipewe mimi, mwarobaini ukatwe, na Ranjanben aamriwe kuwaua hadharani viwavi wote aliowahamisha. Akikataa, ahamie nao kwenye mnavu.

Nisalimie watoto, nisalimie mama yako Bhagwatiben, na kila anayekula nyanya isiyonuka kitunguu saumu.

Ni mimi mpangaji wako mwenye subira,
Nasor bin Salem

Nyongeza: Nimemsomea Fakhriya barua yote kwa sauti, nikingoja anisifu. Amecheka mpaka akakaa chini. Kisha amenieleza kwamba tangu Ramadhani miche yangu haijazaa hata tunda moja. Kila nyanya niliyokula ameileta Ranjanben mlango wa jikoni, nyanya ambazo zingekuwa achari yake, na akaomba nisiambiwe, kwa kuwa nimeshajisifu barazani na si vizuri mtu mzima kuaibishwa. Nimeona haya, Bwana. Nilitaka kuichana barua hii, lakini Fakhriya anasema nikiichana atakuja kukusimulia mwenyewe, na yeye husimulia vizuri kuliko mimi. Basi bustani apewe mwenye nyanya zilizomo kikapuni. Majivu ataendelea kuyapata. Ila kikapu ni changu kweli, naomba nirudishiwe.