YAH: Kuomba Kuondolewa Uuguzi wa Samaki wa Meneja

Iringo, Musoma

Kwa Daktari wa Mifugo Isidori, Butiama.

Shikamoo Daktari. Nakusihi usome barua hii ukiwa peke yako. Hata mkeo asijue neno moja.

Mimi ni Abednego, karani wa majalada. Mkataba wangu unaisha mwezi huu, na Meneja amenikabidhi tangi lake la kioo la samaki wa mapambo, akisema, "Hao wakifa, na wewe ujihesabu umekwenda nao." Mmoja, yule mwekundu, anaumwa. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mapezi yake yanachanika na kuoza pembeni, na mdomoni ana utando mweupe kama pamba. Nimesoma kwamba hao ni bakteria, ingawa wengi hudhani ni ukungu. Mhasibu Machibya, mtoto wa wakulima wa pamba wa Bunda, alipoiona hiyo pamba alikuja na bomba la kupulizia dawa shambani. Ilibidi nilikumbatie tangi.

2. Petronila wa mapokezi, aliyekulia kwa wavuvi Kiriba, huinama kila asubuhi na kusema, "Karani we, kwetu tulikuwaga tunamkaanga kabla hajafikia hali hii." Mgonjwa yupo hapo hapo.

3. Wewe mwenyewe, nilipokupigia, uliuliza kama anacheua. Ndipo ukasema nimtenge, nimbadilishie maji, na dawa ya bakteria nisiiguse bila kipimo chako. Nimemtenga kwenye ndoo chini ya meza yangu. Maji ya bomba nayalaza siku nzima kwanza, klorini itoke. Lakini cheti changu ni cha kutunza kumbukumbu.

4. Meneja huwalisha sambusa. Maji huchafuka, samaki huugua. Kwa hiyo chanzo cha maradhi ni Meneja, na chanzo cha maradhi huwekwa karantini.

Naomba basi uandike, kwa muhuri, kwamba samaki huyu hatapona kamwe, kwamba alianza kazi akiwa tayari mgonjwa, na kwamba Meneja asisogelee tangi kwa siku ishirini na moja. Jina langu lisitajwe.

Wasalimie wote nyumbani, pamoja na ng'ombe walio kwenye matibabu.

Wako mtiifu, mwenye hofu,
Abednego

N.B. Barua hii imekaa mfukoni siku sita kwa woga. Utando umetoka, mgonjwa anakula. Meneja ameniongezea miaka miwili na kuagiza samaki wengine arobaini. Ukipatwa na tatizo la samaki huko Butiama, piga simu ya mapokezi, saa mbili hadi saa sita, uombe kuunganishwa na Mtaalamu. Ijumaa sipokei wagonjwa.