Jinsi Ndegwa wa Jamhuri Alivyowasha Jiko Uthiru

Tueni mabeseni yenu, enyi wafuaji. Punguzeni redio, enyi wasusi. Na wewe unayepita na mtungi wa maji kichwani, simama hata kama shingo inakuuma, maana habari hii ni kubwa kuliko maji. Nitasimulia vita visivyopiganwa kwa mkuki wala kwa bunduki bali kwa kiberiti, na nitamtaja shujaa ambaye viganja vyake vilikuwa laini kama vya mtoto aliyetoka kuogeshwa: Ndegwa, simba wa mtaa wa Jamhuri, mpanda lifti, mkalia kiti kinachozunguka, mtafuna nyama choma ya kila Ijumaa, aliyeshushwa kutoka ofisi ya ghorofa ya juu katikati ya jiji hadi chumba na sebule katika ploti yetu ya mabati, Uthiru. Ee pumzi ya msimulizi, usiniishie kabla githeri haijaiva.

Kampuni aliyokuwa meneja wake ilifungwa asubuhi moja kama kibanda, na mwisho wa mwezi haukuja tena. Gari likaenda, friji ikaenda, mtungi wa gesi ukaenda. Kilichobaki ni kochi la ngozi ambalo lilikataa kupita mlangoni hadi likakatwa miguu yote, likaingia likiwa limelazwa ubavu kama jemadari aliyejeruhiwa. Lakini ulimi wa Ndegwa haukukatwa. Kila jioni alisimama karibu na choo, mahali pekee simu yake iliposhika mtandao, akawahutubia rafiki zake wa zamani.

"Tumeamua, bwana. Mimi na mke wangu Wahu tumechagua maisha mepesi. Vitu vingi ni mzigo kwa nafsi. Siku hizi huko ng'ambo watu wote wenye akili wanaishi hivi."

Sisi tuliokuwa kwenye foleni ya choo tulisikia, tukatazamana. Kumbe miaka yote hii tulikuwa tunachagua.

Sasa jueni sheria ya ploti yetu, isiyoandikwa popote na isiyovunjwa na yeyote. Hapa moto hauuawi. Aliyemaliza kupika huita jirani, jirani huja na koleo, makaa yaliyobaki yanahamia mlango wa pili, kisha wa tatu, na moto ulioivisha uji wa asubuhi kwa huyu ndio unaochemsha maji ya kuoga ya jioni kwa yule. Ndivyo tunavyoishi, na gunia la makaa linakaa.

Wiki yao ya kwanza, Mama Kitheka, malkia wa mlango wa kwanza, mwenye sauti ya kufukuza mbuzi mpaka Kangemi, aliwapa makaa mekundu kwa ukarimu, yakatiwa kwenye jiko jipya la Wahu. Wahu akapika chai, akaenda kazini mjini, katika saluni anakosuka. Ndegwa akabaki peke yake na moto.

Hapo, enyi wasikilizaji, ndipo elimu yake ilipoamka. Kule ofisini aliwahi kuteuliwa mkuu wa usalama wa moto wa ghorofa nzima, akapewa fulana ya njano inayong'aa na filimbi, na hakuwahi kupata moto wa kuuzima. Siku yake ikawa imefika. Akavaa fulana. Akapuliza filimbi. Akatuamuru sote tukusanyike getini kwa utaratibu, wanawake na watoto kwanza, tukaenda kwa kuwa tulidhani kuna nyoka. Kisha akainua ndoo nzima ya maji akaimwaga juu ya jiko. Jiko likalia kwa uchungu, jivu likapaa hadi kwenye nguo zetu zilizoanikwa, na udongo wa ndani ukapasuka kutoka mdomo hadi tako.

Mama Kitheka akafika, koleo mkononi.

"Baba Kui. Umeua moto?"

"Nimeuzima, Mama. Kwa manufaa ya wakazi wote."

"Manufaa! Hayo makaa yalikuwa yaende kwa jirani yako Beryl, yatoke kwa Beryl yaende kwa huyu msichana wa mlango wa mwisho, halafu yanirudie mimi nioge. Sasa mimi nitaoga na manufaa?"

"Mama, taratibu za usalama zinasema..."

"Wacha zikuchemshie chai. Kuanzia leo, moto wa ploti hii haupiti mlango wako."

Na haukupita. Gesi hakuna, makaa ya jirani hakuna, Ndegwa akawa anaita kuku na chipsi ziletwe kwa pikipiki, yeye aliyechagua maisha mepesi, mpaka Wahu akachoka. Jumamosi moja, alfajiri, alisimama mlangoni na mkoba begani, mtoto wao Kui akiwa amemshika sketi. Sauti yake haikupanda, lakini kuta za mabati hazifichi kitu.

"Baba Kui, nisikilize. Mahindi na maharagwe nimeloweka tangu jana. Makaa haya hapa, jiko hili hapa, nimelifunga kwa waya. Simu yako nakwenda nayo. Leo jioni ndugu yangu Kiarie anakuja na pikapu. Nikirudi nikipata githeri imeiva, pikapu itaondoka tupu. Nikipata huna moto, tunapakia vitanda, tunarudi Jamhuri."

"Jamhuri?" Macho ya simba yakawaka.

"Kwa chumba cha mfanyakazi, nyuma ya jikoni kwa Kiarie. Na wewe utakuwa unamfungulia geti."

Macho yakazima. Fikirini, enyi wenye huruma: kurudi mtaa uleule alikotoka akipungiwa mkono, na sasa awafungulie geti walewale waliokuwa wakimpungia!

Wahu alipoondoka, Ndegwa alivaa fulana yake ya njano na kutundika filimbi shingoni, maana shujaa haendi vitani uchi. Akaweka jiko pembeni mwa sebule, penye kivuli na heshima, akafunga mlango ili aibu isitoke. Akapanga makaa kwa mistari, makubwa nyuma na madogo mbele, kama anapiga watu picha. Akawasha kiberiti. Kikazima. Akawasha kingine, nacho kikafa bila kuacha ujumbe. Ndipo akafungua boksi la kadi zake za ofisini, zile nene zenye dhahabu pembeni, zilizoandikwa jina lake na neno Mikakati, akazishindilia chini ya makaa kwa makumi. Kadi hizo, ndugu zangu, hazikuwaka. Zilijikunja, zikatoa moshi mweusi wenye harufu ya rangi, kana kwamba hata katika kufa ziliona makaa si ya hadhi yao.

Moshi ukatoka dirishani, ukatoka chini ya mlango. Mama Kitheka, aliyekuwa akichambua mboga nje, akauliza bila kugeuka, "Baba Kui, leo hutuiti getini?"

Kukohoa tu.

"Mkuu wa usalama, tujikusanye au tuendelee na mboga?"

Tulicheka, sisemi hatukucheka. Beryl alicheka mpaka akaiweka chini sufuria.

Jua lilipanda. Ndani tulisikia kiberiti kikikwaruzwa, kikikwaruzwa, halafu sauti ya mwanamume akizungumza na makaa kwa upole kama anayembembeleza mteja: "Tafadhali. Tafadhali basi, mheshimiwa." Kibuyu cha maji cha Kui, cha shule, kilikuwa kimening'inia kwenye komeo la mlango, nilikiona kikitikisika kila baba yake alipokohoa, na hapo kicheko changu kikapungua kidogo. Kidogo.

Hatimaye mlango ukafunguliwa kwa teke. Akatokea Ndegwa, uso mweusi, macho mekundu, jiko mkononi limeshikwa kwa mkia wa fulana. Wanahistoria wengine watakwambia alitoka kwa hekima kutafuta upepo. Mimi nilikuwepo. Alikuwa anakwenda kulitupa. Alilibeba mpaka kwenye pipa la takataka nyuma ya choo, akaliinua, na mikono ikamwishia nguvu. Akaliweka chini, akakaa kando yake akafunika uso.

Na pale nyuma ya choo, palepale alipokuwa akihubiri habari za ng'ambo, ndipo upepo wa barabara kuu huingilia kupitia tundu la ukuta. Ukaingia. Ukapuliza chini ya jiko. Kona ya kadi moja, yenye neno Mikakati, ikashika rangi ya chungwa. Kaa moja likapasuka pa! likawa jekundu.

Ndegwa akafunua uso. Akaivua fulana ya njano, vazi takatifu la kuzima moto, akaanza kupepea. Akapepea kwa mkono wa kulia, akapepea kwa wa kushoto, akapiga magoti akapuliza kwa mashavu, jivu likamwingia puani, akapiga chafya akaendelea. Na filimbi ikaning'inia kifuani ikilia yenyewe kila alipohema. Hakuna aliyecheka tena. Mama Kitheka alisimama na mboga mkononi. Makaa yakashikana, jekundu kwa jekundu, mpaka jiko lote lililopasuka likang'aa kupitia ufa wake. Sufuria ikapanda.

Mchana kutwa alililinda. Tulipokwenda chooni tuliomba radhi, tukapita kwa pembeni.

Jioni honi ikalia. Kiarie, bwana wa geti jeusi, mwenye tumbo la kutangulia, alishuka kwenye pikapu akihutubia toka mbali.

"Shemeji! Nimekuja kuwatoa Misri! Chumba kimefagiliwa. Utanisaidia tu na geti, na kuosha gari, mambo madogo ya kifamilia."

Wahu alikuwa ameingia nyuma yake na Kui. Alipita moja kwa moja mpaka nyuma ya choo, akafunua sufuria kwa ncha ya leso, akachota punje moja ya haragwe, akaibonyeza kwa vidole, akaila. Ndegwa alikuwa amesimama wima kama askari wa gwaride, mikono nyuma.

"Umesahau chumvi," akasema Wahu.

"Nimesahau chumvi," akakiri shujaa.

"Chumvi tutaweka. Kiarie, kula, halafu uende na pikapu yako. Tunakaa."

Kiarie akala akisikitika. Akala sahani ya pili akiwasikitikia zaidi. Mwisho akaomba kidogo cha kumpelekea mkewe Yvonne, akajaziwa kopo la aiskrimu. Nilipokwenda kumwaga maji machafu nje, niliiona pikapu imeegeshwa kando ya mtaro, injini imezimwa, na bwana wa geti jeusi akichota githeri kwa kifuniko cha kopo. Baadaye tukasikia kijana wake wa geti alikuwa ametoroka kwa njaa. Yvonne, maskini, hakuonja.

Lakini siku haikuwa imekwisha. Ndani ya jiko makaa yalikuwa bado mekundu. Ndegwa aliyatazama, tukamwona akitazama ndoo, ploti nzima ikashika pumzi. Akaiacha ndoo. Akabeba jiko lenye waya mpaka mlango wa kwanza, akainua sauti.

"Mama Kitheka! Mimi Ndegwa, niliyewakosesha moto, ninaurudisha. Upokee, uende mlango kwa mlango kama ilivyo sheria!"

Mama Kitheka akatoka na koleo. Akamkagua kutoka nywele hadi viatu.

"Lete. Lakini kwanza utoe hiyo filimbi."

Akaitoa. Makaa yakavuka.

Basi na iandikwe, enyi wenye kalamu, kabla ya habari za mawaziri na barabara mpya: Jumamosi ile, katika ploti ya mabati, Uthiru, Mama Kitheka alioga maji moto.