Kidole Ndani ya Fuvu la Mbuzi

Jamani, leo nimevuliwa nguo mbele ya watu, na nguo zote nilikuwa nimezivaa.

Mnajua natafuta kazi tangu nimalize chuo. Asubuhi hii nilikuwa na somo la majaribio kwenye shule moja hapa Kalemie, Kongo. Wakilipenda, mimi ndiye mwalimu mpya wa biolojia. Mada nilichagua mwenyewe (kosa la kwanza): ubongo wa watu wa kale. Ubongo huoza, lakini huacha alama ndani ya fuvu, mikunjo yake na njia za mishipa. Kwa alama hizo wataalamu hujua ulivyobadilika kizazi hadi kizazi. Fuvu la mtu wa kale sina. Nilibeba la mbuzi, masalia ya karamu ya harusi ya dada yangu, nimelichemsha na kulisugua hadi likawa jeupe.

Nilifika mapema mno. Barazani mawazo yakaanza. Je, wakisema ndani hakuna alama? Je, kama kweli hakuna? Nikaingiza kidole cha kati kwenye tundu la nyuma, pale ubongo unapoungana na uti wa mgongo, nipapase. Alama zilikuwepo. Nikafurahi. Kidole kikakataa kutoka.

Nilivuta. Nilizungusha. Nilitemea mate (msiniulize). Kikazidi kuvimba. Mlango ukafunguliwa, nikaitwa.

Kwetu huingii mahali bila kupeana mikono na kila mtu, na kiganja kikiwa kichafu unatoa kifundo cha mkono. Nikatoa kifundo. Papa Prefe, mkuu wa shule, akakishika kwa heshima zote. Kisha macho yake yakafuata mkono hadi mwisho, yakakutana na meno ya mbuzi.

"Mwalimu," akasema polepole, "hii njo nini?"

"Njo somo, Papa."

Nikafundisha hivyo hivyo. Kila nilipoonyesha ubaoni, mbuzi naye alionyesha. Mama naibu wake hakusikia neno, alikuwa anafuta machozi kwa kitenge. Mwishowe akatoka, akarudi na mafuta ya mawese kutoka kwa mama anayekaanga samaki getini. Akanimiminia, akaniambia nivute taratibu. Mimi, kwa woga, nikavuta kwa nguvu zote.

Fuvu likachomoka, likaruka, likatua mapajani mwa Papa Prefe. Suruali nyeupe. Mawese mekundu.

Nikaomba msamaha kwa lugha zote ninazojua. Hakunisikiliza. Alikuwa amelielekeza fuvu dirishani, jicho moja amelifumba, anachungulia ndani.

"Kumbe alama ziko," akamwambia Mama naibu. Halafu akanigeukia. "Asante, kijana. Tutakuita. Lakini hii kichwa ibaki, batoto bataisoma."

Kwa hiyo mbuzi ameanza kazi leo. Mimi bado nangoja simu. Anayetaka kucheka, anitafutie kazi kwanza.