Mashine ya Ubongo na Mkalimani Wake

Ndugu zangu wa Lubutu, leo nimeumbuliwa na mashine. Nawaandikia leo leo, kabla dereva wa lori hajawafikishia habari akiwa ameitia chumvi.

Wiki hii ameshuka kwenye boti daktari mmoja Mbelgiji, na mashine yake ndani ya masanduku manne. Anachunguza ubongo unafanya nini wakati mtu anawaza. Anakubandika nyaya kichwani, na kalamu zinachora mistari kwenye karatasi ndefu. Mimi, muuguzi wenu, njo nikawa mkalimani, kwa sababu hapa dispensari mwenye kujua Kifaransa ni mimi peke yangu. (Likumbukeni hilo.)

Watu waliogopa akili zao zisije zikabaki kwenye karatasi. Nikawatuliza kwamba mashine inapima tu: mawimbi makubwa, akili kubwa. (Hakuna aliyeniambia hivyo. Na mimi sikuuliza.)

Asubuhi hii, nani amekaa benchi la mbele? Mzee Ramazani, fundi wa gari-moshi, baba yake Zaina. Nimemposa Zaina tangu kiangazi, na mzee ameahidi kunipa jibu Ijumaa. Nikaona bahati imenifuata mpaka kazini. Nikakitoa kichwa changu kiwe cha kwanza.

Daktari akaniambia nifumbe macho, nitulie. Nikatulia. Sikuwa nawaza kitu, labda sombe, yale majani ya muhogo ya chakula cha mchana. Nikasikia watu wananong'ona kwa heshima kwamba mawimbi yanapanda kama ya Lualaba boti ikipita. Roho yangu kwatu!

Kisha akaniambia nifumbue macho, nizidishe kumi na saba kwa kumi na tatu. Nikakunja uso. Niliwaza kwa nguvu zangu zote mpaka jasho likanitoka. Na kalamu zote zikalala. Mistari ikanyooka kama reli.

"Imezimika," akasema mama mmoja nyuma. Chumba kizima kikacheka.

Daktari hakucheka. Alifurahi, akaeleza kwamba ndivyo inavyotakiwa: mawimbi makubwa ni ya mtu aliyepumzika, na akianza kuwaza yanashuka. Maana yake nilikuwa nawaza vizuri sana. Nikawageukia watu, nikawatafsiria neno kwa neno.

Wakacheka mara mbili ya mwanzo. (Ningekuwa wao, ningecheka pia.)

Mzee Ramazani peke yake hakucheka. Alinitazama kwanza.

"Mwanangu, ile maneno njo dokta alisema, ao ni weye?"

Nikaapa kwamba ni ya daktari.

Aliyefuata ni Salumu, mlinzi wa stesheni, ambaye hata treni ya mizigo humpita amelala. Alifumba macho tu, mawimbi yakapanda karibu yatoke nje ya karatasi. Daktari akampa hesabu ileile. Salumu hakujisumbua nayo, wala macho hakufumbua, na mawimbi yakaendelea. Watu wakampigia makofi.

Mzee Ramazani akasogea, akampa nafasi kwenye benchi.

"Salumu, uko na bibi?"

"Bado, Baba, sijaoa."

Nina aibu mpaka sombe imenishinda. Chekeni tu, lakini mkimaliza, mmoja wenu anayejua Kifaransa apande lori la kwanza. Mzee anahitaji mkalimani mwingine kabla ya Ijumaa.