Kipilefti cha Shiling

Leo nimeaibika, jamani. Na aliyeumia kwa aibu yangu ni mama wa watu.

Mama Zubeda ametoka Morogoro kuja Guangzhou kushonesha mikoba ishirini, sare ya harusi ya bintiye. Hajui Kichina, na Kiingereza chake ni cha salamu tu. Mkalimani wake ni mimi, mwanafunzi wa uzamili. ("Mama, Kiingereza niachie mimi." Nilisema kwa mdomo wangu huu!)

Asubuhi nilitangulia kwa basi hadi Shiling, kwenye karakana za mikoba. Yeye akafuata kwa gari la kukodi. Laoban, yaani bosi wa karakana, mama mmoja asiye na utani, alishasema: saa nne Mama awepo achague rangi ya ngozi waanze kukata. Akichelewa, meza anapewa mteja mwingine.

Saa nne kasoro robo dereva akapiga kuuliza nilipo. Simu yake inamtafsiria Kiingereza kwa Kichina. Nikajibu kwa kujiamini: "I am at the keep left!"

Nilikuwa kando ya kipilefti kikubwa, kina maua katikati, magari yanakizunguka. Gari hilo linakuja! Nikapunga mkono. Mama akapunga dirishani, anatabasamu. Gari likahamia kushoto, likapanda daraja la juu, likapotea.

Nikapiga simu. "Keep left! Keep left!"

"OK, OK." Akakata kushoto tena.

Mama akanipigia. "Mwanangu, mbona tunarudi tulikotoka?"

"Dereva hajui Kiingereza, Mama!" (Mungu anisamehe.)

Wakageuza, wakanipita mara ya pili, vilevile. Safari hii Mama hakupunga.

Laoban akatoka nje kututafuta. Asubuhi yote nilikuwa namsemesha Kiingereza cha kuvuta maneno, kama mtoto wa chekechea. Akauliza, Kiingereza kimenyooka: "What is keep left?"

Nikamwonyesha kwa kidole. Akakitazama kipilefti. Akanitazama mimi.

"Round-a-bout," akasema. Akalivuta neno kama nilivyokuwa namvutia mimi.

Akachukua simu yangu, akamwambia dereva maneno mawili ya Kichina. Basi. Kumbe masikini dereva alikuwa anatii: akiambiwa akae kushoto, anakaa kushoto. (Nani aliniambia kwamba Wachina wanajua kipilefti?)

Mama alifika saa tano na nusu. Meza imejaa ngozi ya mteja mwingine. Mikoba yake itakatwa wiki ijayo, yeye anasafiri Jumamosi. Itafuata kwa meli, na harusi itakuwa imeshapita.

Nikamweleza ukweli wote. Nilitamani anifokee. Akakaa kwenye kiti cha plastiki, akavua viatu.

"Sasa wao wanakiitaje?"

"Raundabauti, Mama."

Akalirudia neno taratibu, kisha akajifuta uso kwa ncha ya mtandio. Sikuthubutu kuangalia kama ni jasho.

Haya, chekeni. Ila mlioalikwa harusini, nawaomba, bibi harusi asijue mkalimani alikuwa nani.