Nyumba Namba Kumi na Nne Haiko Tupu, Ina Liki Zangu

Namba 12, Mtaa wa Pelaw,
Harrowlaw, Durham.
Alhamisi, 3 Agosti.

Kwa Bi. Garbutt,
Afisa wa Nyumba Zisizokaliwa,
Halmashauri.

YAH: KUPINGA KUUZWA KWA LAZIMA NYUMBA NAMBA 14

Mheshimiwa Bibi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, na umekaa, maana ina mambo. Mimi ni Alwyn Raine, mchimba makaa mstaafu, jirani wa ukuta mmoja na namba 14. Jumanne nilikuta karatasi yako imebandikwa kwenye mlango wa nyumba hiyo. Inasema imekaa tupu miaka kumi na moja, mwenyewe hajibu barua, na Halmashauri sasa itatumia mamlaka yake kuipeleka mnadani. Nimeisoma mara tatu. Mara ya tatu niliisoma kwa sauti, na mke wangu Doreen akaniomba niache kuongeza maneno ambayo hayamo.

Kwa heshima zote, malalamiko yangu ni haya:

1. Nyumba haiko tupu. Tangu Bi. Hetty Bainbridge afariki na kumwachia mpwa wake aliyeko Kanada, mtunzaji ni mimi. Asubuhi nafungua mapazia, jioni nawasha taa ya sebuleni, Krismasi naweka mti dirishani. Nyuma yake ndiko liliko tuta langu la liki, ile mboga kama kitunguu kirefu, na Harrowlaw nzima inajua kwamba mashindano ya klabu ya liki nene kuliko zote yakikaribia, huzunguka watu wenye visu na wasio na haya. Mshindani mwenzangu Wilf Hutton alikatiwa liki kumi na mbili usiku mmoja, akalazwa hospitali. Mwenye kisu akiona taa, anapita.

Afisa wako aliyekuja Mei akagonga, akajibiwa na sauti ya kike kupitia tundu la barua, "Sitaki kununua kitu, mwanangu, nenda zako," arekebishe ripoti yake. Aliyejibu ni mimi. Lakini sauti ilitoka ndani, na nyumba tupu haijibu mtu.

2. Udongo. Nimeulisha miaka kumi: damu ya ng'ombe iliyokaushwa, masizi, bia nyeusi, na kitu cha nne ambacho hata Doreen hakijui. Upande wangu ni kokoto tupu. Mwaka huu zawadi ya kwanza ni jokofu la milango miwili, nami nina liki mbili nene kama paja la mtoto. Mnunuzi wako atafanya nini na udongo kama huo? Ataweka trampolini ya watoto kurukia.

3. Karatasi inadai familia za hapa zinakosa nyumba. Hili limenishangaza sana. Kwangu kuna vyumba viwili na tunaishi watu saba kwa raha kabisa. Binti yangu Kerry, mumewe Craig na kichanga wao wana chumba cha pili, mwaka wa tatu sasa. Wasichana wao wawili wanalala kwenye kochi, mmoja kichwa huku, mwingine kule. Poppy, wa miaka minane, anafanyia kazi za shule kwenye ngazi ya tano, kwa kuwa ya nne ni ya viatu. Craig huniambia, "Mzee, hii ngazi ikipata dirisha tu, tunaipangisha." Kerry yeye hana utani. Ameniambia, "Baba, liki zako zina uwanja, taa na mapazia. Wanangu wana nusu kochi." Nilimjibu kwamba liki hazigombani.

4. Kama ni lazima muuze kitu kisichokaliwa, anzeni na viti vya madiwani. Nimehudhuria vikao vitatu na kuhesabu sita ambavyo havijawahi kuguswa na suruali.

5. Kwa hiyo naomba liki zangu, ishirini na nne, ziandikishwe kuwa wakazi halali wa namba 14. Zina anwani. Zinakunywa bia kila Ijumaa na hazimtukani mtu. Zipewe na kura, maana siku ya uchaguzi angalau zitakuwa zimesimama. Mkikataa, nitahamia huko mwenyewe na kitanda changu. Nimemwarifu Doreen. Amesema, "Nikufungie mkate?"

Nisalimie wenzako wote ofisini, na yule kijana aliyegonga mlango Mei, mwambie simchukii.

Wako mtiifu na mwenye hasira,
Alwyn Raine

Baada ya kutia sahihi: Nilichelewa kuituma kwa kukosa stempu, na leo ni Jumamosi. Jana Craig alipata nyumba ya kupanga ya vyumba vitatu huko Swindon, mwendo wa siku nzima kwa gari. Lori la mizigo linakuja tarehe thelathini. Kerry alinieleza akiwa anaosha vyombo, hakugeuka. "Tutakuja Krismasi, baba, barabara ikiwa nzuri." Nimetoka nje nikalia, Bi. Garbutt, na sikuwa nimelia tangu mgodi ufungwe.

Nyumba iko tupu. Naapa mbele yako, haina mtu, haijawahi kuwa na mtu, na ile sauti ilikuwa ya mjinga. Ufunguo nimeuweka ndani ya bahasha hii. Craig anasema wana akiba ya kuingia mnadani, na akiona tarehe ya mnada kwa maandishi atalirudisha lori. Najua mnachukua miezi. Safari hii tafadhali chukueni wiki tatu.

Tuta nimelifukua na liki nimezing'oa leo asubuhi ili mje kupima bila kizuizi. Mashindano ni Septemba, lakini Doreen ameshapika supu. Poppy anasema ina ladha ya bia, na ameomba aongezewe.